Nimejiunga, Ila Kwa Shingo Upande

Najua nimepotea, kimya cha wiki tatu sio kidogo, na wengine mmenisimamisha njiani kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa naumwa, ila sio malaria wala taifodi, nilikuwa naumwa kujiunga na mitandao ya kijamii. Ndiyo, mimi yule yule niliyeapa mwaka wa kwanza kwamba nitamaliza chuo na kitochi changu. Kucheka ruksa, chekeni mmalize halafu tuendelee.

(Kuna watakaosema, mbona humu unaandika siku zote? Humu nilifunguliwa na kaka yangu, mimi nikakabidhiwa funguo tu, na naandikia kwenye kompyuta ya maktaba. Sikuwahi kujaza fomu hata moja. Kumbe ndio nilikuwa sijui dunia.)

Kwanza niwaeleze ilikuwaje. Tulikuwa na testi Alhamisi saa mbili asubuhi. Nimepiga msuli siku nne pale vimbwetani, mbu wamenila mpaka wamenizoea. Alhamisi nafika ukumbini saa moja na nusu, kalamu mbili mkononi, nakuta mama mmoja anafagia. Nikamwamkia, shikamoo mama. Marahaba mwanangu, unamtafuta nani? Nikasema nimekuja kwenye testi. Akaacha ufagio akaniangalia. "Wenzio walikuwa humu juzi Jumanne mwanangu, walijaa mpaka mlangoni."

Jamani, nilihisi miguu sio yangu.

Nikamfuata mwalimu wa somo. Akasema tangazo la kubadilisha siku lilitoka Jumapili saa nne usiku kwenye grupu la darasa, na darasa zima limeliona. Nikamwambia mwalimu, mimi simo kwenye grupu. Hakunifokea, hapana. Aliniangalia kama anayemwonea mtu huruma, akauliza: "Sasa kwa nini humo?" Sikuwa na jibu la maana. Alama 15 zimekwenda na maji, na kama mtihani wa mwisho haujaninyookea, basi sapu inaninukia kabisa.

Siku hiyo hiyo nikatoa hela ya bumu niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya viatu vya mazoezi ya kufundisha, nikanunua simu ya kupangusa, ya mtumba, kioo kimepasuka kona moja. Rumeti wangu akashangilia kama nimeoa. Jioni nikaketi kimbwetani nijiunge. Majina ya mitandao sitaitaja, maana yote ilinitesa kwa zamu na sitaki kesi. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ilinichukua siku mbili.

Sasa mtu anayesoma Historia akiudhika hana silaha nyingine ila kuuliza hiki kitu kilianzaje. Nimekaa maktaba wiki mbili nachimba asili ya kila kisanduku cha ile fomu kilichonitoa jasho. Nilichogundua ni hiki: kila kero iliyonipata ilikuwa ni dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine, sehemu nyingine, mwaka mwingine. Hakuna aliyekaa akasema tumtese kijana wa Ruvuma. Ila pia hakuna aliyemkumbuka. Twende taratibu.

TUANZE NA JINA. Fomu ina visanduku viwili, jina la kwanza na la mwisho. Mimi nina matatu, langu, la baba na la babu, kama cheti changu cha Form Four kinavyosema, na bodi ya mikopo ukikosea hata herufi moja ya hayo matatu unalia. Nikajaribu kubana mawili kwenye kisanduku kimoja, ikagoma, ikaniambia niandike jina langu halisi. Halisi! Mwishowe nikaliacha la babu. Na babu ndiye aliyeninunulia sare na godoro la bweni nilipoingia Form One. Ni kitu kidogo lakini kiliniuma.

Hii habari ya jina halisi ina mwanzo wake. Zamani intaneti ilikuwa nchi ya majina ya bandia. Hata hapa kwetu, JamiiForums ilipoanza mwaka 2006 ikiitwa Jambo Forums, watu walijadili siasa na ufisadi kwa majina ya kujibandika, na hiyo ndiyo ilikuwa kinga yao. Facebook ilikuja na utaratibu tofauti, kwa sababu ilizaliwa bwenini. Mark Zuckerberg na wenzake waliifungua Februari 4, 2004 pale chuo cha Harvard, Marekani, na jina lenyewe lilitokana na vitabu vya picha na majina ya wanafunzi ambavyo vyuo vya kule vilikuwa vikigawa ili watu wafahamiane. Kuingia ilikuwa lazima uwe na anwani ya barua pepe ya chuo. Kwa hiyo jina lako lilikuwa limeshathibitishwa na chuo, na ukidanganya mtu wa chumba cha pili anakujua. Kwa jamii ya bwenini ule utaratibu ulikuwa na akili.

Baadaye wakaongeza vyuo vingine, Septemba 2005 wakaingiza shule za sekondari za kule, na Septemba 26, 2006 wakafungulia kila mwenye barua pepe na umri wa miaka 13. Watu wakabadilika, sheria ya jina ikabaki ile ile ya bwenini. Mwaka 2014 ikaleta kasheshe kubwa huko huko Marekani. Wasanii waliojulikana kwa majina ya jukwaani, na wenyeji asilia wenye majina ambayo mashine iliyaona ya ajabu, walifungiwa akaunti. Oktoba mwaka huo kampuni ikaomba radhi na kuahidi kulegeza. Basi mimi na babu yangu tuna ndugu wa mbali, wadau.

TAREHE YA KUZALIWA haikunisumbua, ila nilijiuliza kwa nini miaka 13 na sio 12 au 15. Jibu ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika Aprili 2000, inayokataza tovuti kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ruhusa ya mzazi. Kampuni nyingi ziliona kuliko kuhangaika na wazazi, bora kuandika tu kwamba chini ya 13 haruhusiwi. Yaani umri ambao mtoto wa Songea anaruhusiwa kuingia uliamuliwa na wabunge wa Washington waliokuwa wanawawazia watoto wao. Australia wao wamekataa huo mpaka, tangu Desemba 10, 2025 mitandao mikubwa kule inatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16. Sisi walimu watarajiwa tuliangalie hilo, maana hao watoto ndio watakuwa mbele yetu darasani.

NENO LA SIRI. Hapa ndipo nilipotaka kuvunja simu. Nikaandika neno, ikasema fupi. Nikarefusha, ikasema weka herufi kubwa. Nikaweka, ikasema weka tarakimu. Nikaweka, ikasema weka na alama. Nilipomaliza nilikuwa na kitu kama namba ya gari la serikali, na kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshakisahau.

Sasa sikieni historia yake, hii mtaipenda kwa sababu ni ya wanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale chuo cha MIT, Marekani, kompyuta ilikuwa moja kubwa ya watu wengi. Timu ya Fernando Corbató ikatengeneza mfumo wa kuitumia kwa kugawana muda, ukaonyeshwa mwaka 1961, na ili kila mtu awe na mafaili yake wakaweka neno la siri kwa kila mtumiaji. Ndiyo mwanzo wa neno la siri la kompyuta kama tunavyolijua. Alikuwepo mwanafunzi wa udaktari anaitwa Allan Scherr, amepewa masaa manne tu kwa wiki na utafiti wake hauishi (inawakumbusha foleni ya kompyuta za maktaba?). Mwaka 1962 akagundua kwamba ukiomba kwa kadi zilizotobolewa unaweza kuiagiza mashine ichapishe faili lolote. Ijumaa usiku akaiagiza ichapishe faili la maneno ya siri ya watu wote, Jumamosi asubuhi akaenda kulichukua, akaendelea kujichotea muda wa wenzake. Alikuja kukiri miaka mingi baadaye. Kwa hiyo neno la siri halikuwa hata na umri wa kuanza darasa la kwanza, mwanafunzi ameshaliiba.

Na zile amri za herufi kubwa na alama? Zilienea sana kutokana na mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na bwana Bill Burr. Mwaka 2017, ameshastaafu, mzee huyo aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Watu wakilazimishwa hivyo wanafanya ujanja ule ule, herufi ya kwanza kubwa na tarakimu ya 1 mwishoni, na wezi wanaujua. Mwaka huo huo NIST ikatoa mwongozo mpya, ikasema urefu wa neno una maana kuliko mapambo. Mwandishi katubu, taasisi imebadilika, lakini fomu niliyoijaza mimi bado haijapata habari.

Haya, nikavuka. Likaja lile jaribio la kuthibitisha kwamba MIMI NI MTU. Ikaniletea picha tisa, bonyeza zote zenye bomba la zimamoto. Bomba gani? Mimi bomba ninalolijua ni la maji ya kijiji, lina koki na foleni ya ndoo. Rumeti akanicheka, akasema ni kile kidude chekundu kifupi pembeni ya barabara, kama kwenye muvi. Nikakosea mara mbili. Ikaja ya taa za barabarani, hapo nikashindwa kuelewa kama nguzo nayo inahesabika. Mwalimu mtarajiwa, mwaka wa pili, nimeshindwa mtihani wa kuwa binadamu.

Hii nayo ilikuwa dawa ya mtu. Mwaka 2000 kampuni ya Yahoo ilikuwa inasumbuliwa na mashine zilizofungua akaunti za barua pepe kwa maelfu ili kusambaza takataka. Luis von Ahn, kijana kutoka Guatemala aliyekuwa anasoma Carnegie Mellon kule Marekani, na mwalimu wake Manuel Blum, wakatengeneza jaribio ambalo mtu analiweza na mashine inashindwa: kusoma herufi zilizopindwapindwa. Likaja kuitwa kapcha. Baadaye von Ahn akapiga hesabu, kapcha karibu milioni 200 kwa siku, kila moja sekunde kama 10, akaona anawapotezea watu zaidi ya masaa laki tano kila siku. Roho ikamsuta. Mwaka 2007 akaleta toleo jipya, maneno ya kusoma yakawa yametoka kwenye vitabu na magazeti ya zamani ambayo kompyuta ilishindwa kuyasoma. Wewe unajithibitisha, kumbe unasaidia kuhifadhi maktaba. Kama mtu wa Historia hapo nilitaka kumsamehe. Google wakainunua mwaka 2009, na baadaye zikaja hizi picha za mitaani. Mitaa ya nani? Ya kwao. Laiti wangeniletea picha tisa nichague zenye bodaboda, ningemaliza nimefumba macho.

NAMBA YA SIMU. Nikaingiza, wakasema tumekutumia tarakimu sita. Tatizo laini yangu ilikuwa kwenye kitochi, kitochi kiko bwenini kwenye chaji. Mbio mpaka bwenini, nazisoma, mbio kurudi, muda umekwisha. Nikaomba nyingine. Safari hii nikaja na kitochi chenyewe, chaji ikakata. Acheni tu.

Ila hapa lazima nikiri, namba ya simu ndiyo iliyotufungulia mlango sisi watu wa huku. Kabla ya hapo mambo yalikuwa ya barua pepe na intaneti kafe, unalipa kwa dakika na ukurasa unafunguka kama umebebwa na punda, kwa sababu intaneti yetu ilitegemea sana setilaiti. Mkongo wa Seacom ulipofika pwani ya Afrika Mashariki, Dar es Salaam na Mombasa, Julai 2009, ndipo njia ikaanza kupanuka. Mwaka huo huo 2009 kule Marekani Jan Koum na Brian Acton wakaanzisha WhatsApp, na hawakutaka barua pepe wala neno la siri, namba yako ndiyo wewe. Kwa nchi ambayo watu walikuwa na laini kabla ya kuwa na anwani, hilo lilikuwa sawa na mtu kukuletea mlango mpaka sebuleni. Haikuhitaji hata simu ya kupangusa, ilikuwa inafanya kazi kwenye Nokia nyingi za vibonyezo. Februari 2014 Facebook wakatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19.

Halafu mlango ukaanza kurudishwa. Katikati ya 2017 simu za Symbian zikatolewa, mwisho wa 2018 zikafuata Nokia za familia ya S40. Kwa hiyo wanaosema mtu wa kitochi ni mshamba aliyekataa maendeleo, wajue kuna vitochi vilivyokuwa ndani na vikatolewa nje. Na namba yenyewe sasa imebeba mzigo mwingine, maana tangu usajili wa alama za vidole ulioanza 2019, laini ya Mtanzania imefungwa kwenye kitambulisho chake cha taifa. Jina la bandia la enzi za Jambo Forums ndio linazidi kuwa historia.

Kisanduku cha mwisho ndicho kilichoninyima usingizi. Ikauliza, turuhusu tusome majina yaliyomo kwenye simu yako? Kidole kikateleza kwenye ule ufa wa kioo, nikabonyeza ndiyo. Mara orodha hii hapa: WATU UNAOWEZA KUWAFAHAMU. Wa kwanza kabisa, juu ya wote, amevaa kofia na anatabasamu, ni baba yangu mdogo.

Baba mdogo na baba hawasemezani tangu 2016. Ni mambo ya shamba, sitayaandika yote humu. Nilichonacho ni namba yake tu, niliinakili zamani kwenye daftari la mama nikaihamishia kwenye laini, sikuwahi kuipiga. Mashine ikaona namba, ikasema mnafahamiana. Miaka yote hiyo nyumbani kwetu jina lake halitajwi mezani, simu ya mtumba ikalitaja kwa dakika moja.

Na hili lina ukoo mrefu. Mwaka 1929 mwandishi wa Hungaria, Frigyes Karinthy, alitunga hadithi yenye wazo kwamba mtu yeyote duniani anaweza kuunganishwa na mwingine kwa mnyororo mfupi wa wanaofahamiana. Mwaka 1967 Stanley Milgram wa Marekani akalijaribu kwa barua. Mwaka 1997 Andrew Weinreich akafungua mtandao uitwao SixDegrees uliojengwa juu ya wazo hilo, unaorodhesha watu wako na wao wanaorodhesha wa kwao. Ulikufa mapema, watu wengi walikuwa bado hawana intaneti, ila ndio huo unaotajwa kama babu wa hii mitandao yote. Facebook waliweka mapendekezo ya watu unaoweza kuwafahamu mwaka 2008. Katika mnyororo wote huo kila pingili ni sawa, namba ya rafiki, namba ya fundi cherehani, namba ya ndugu mliyegombana. Mashine haina kisanduku cha ugomvi.

Mama aliwahi kuniambia kwamba baba mdogo ujanani alikuwa mtu wa salamu. Mnazijua salamu za redio? Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam watu walinunua kadi, wakajaza majina ya wanaotaka kuwasalimia, wakatuma, halafu wanakaa na redio kusubiri kusikia majina yao. Wengine walikuwa maarufu nchi nzima na hakuna aliyewahi kuwaona sura. Ule nao ulikuwa mtandao wa kijamii, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba kwenye kadi wewe ndiye uliyeamua nani unamsalimia na nani unamruka. Mama anasema kadi za baba mdogo, jina la kwanza siku zote lilikuwa la baba.

Sikubonyeza kitu. Nikazima simu nikalala.

Asubuhi nakuta yeye ndiye ameandika. Nahisi na yeye nilimtokea kwenye orodha yake. Maneno matatu tu: "Mwanangu umekuwa mkubwa." Nilikaa na ile simu mpaka kipindi cha saa tatu kikanipita (ndiyo, kingine tena). Mwisho nikaandika shikamoo baba. Akajibu marahaba, halafu akauliza, mzee hajambo? Nikasema hajambo. Tumeishia hapo. Baba bado sijamwambia, na sijui nitaanzia wapi, kwa hiyo wale mnaotoka kwetu naomba mdomo uwe mzito.

Sasa nirudi kwenye swali la mwalimu, kwa nini humo. Nimegundua ninaoweza kuwaita wenzangu kwenye kugoma walikuwepo, tena wanafunzi. Septemba 2006 Facebook ilipoleta ule ukurasa unaomwaga mbele yako kila kitu walichofanya marafiki zako, wanafunzi wa Marekani walikasirika, waliona wanachunguliwa. Ndani ya siku chache mamia ya maelfu walijiunga kwenye kundi la kupinga. Kuna kichekesho hapo: kundi lenyewe lilikuwa humo humo Facebook, na lilienea haraka kwa sababu ule ukurasa walioupinga ndio uliokuwa unawatangazia marafiki zao kwamba fulani amejiunga kupinga. Zuckerberg akaomba radhi, wakaongezewa namna ya kuficha mambo yao, na ukurasa ukabaki mpaka leo. Somo nililolichukua ni kwamba aliye ndani akilalamika anahesabika kidogo. Aliye nje hana hata kisanduku cha kulalamikia.

Na ndicho kilichobadilika, kwa maoni yangu. Zamani kujiunga kulikuwa starehe, hutaki unaacha, hupungukiwi. Siku tangazo la testi lilipohama kutoka kwenye ubao wa mbao kwenda kwenye grupu, kujiunga kukawa ada isiyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga na chuo. Na hakuna aliyepiga kura. Hakuna hata anayeweza kusema ilikuwa siku gani. Nimeingia grupu la darasa juzi, nimekuta habari za asubuhi njema, picha za maua, na mtu anauza viatu. Lile tangazo lililonimaliza sikulikuta, nimeingia ameshapita yule mgeni.

Tena ubao wa mbao hauzimwi. Oktoba 4, 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa masaa kama sita kwa kosa la mafundi wao wenyewe. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wote tunakumbuka tulivyokuwa tunashikilia simu kama vipande vya sabuni. Siku zile mimi na kitochi changu na nyie na za kwenu tulikuwa sawa.

Kwa hiyo nilimfuata CR wetu. Sikwenda kulalamika, nilimuomba kitu kimoja: kila tangazo la testi au kubadilisha kipindi, aliandike na kwenye karatasi alibandike ubaoni pale nje ya ukumbi. Akasema kaka, nani anasoma ubao siku hizi? Nikamwambia tuwaulize. Akauliza darasani kwa kunyoosha mikono, nani hayupo kwenye grupu. Nilidhani nilikuwa peke yangu. Iliinuka mikono mitatu mingine, mmoja wa dada anayekaa mbele kila siku, ambaye simu yake iliibiwa tangu Novemba na amekuwa akiuliza matangazo kwa kuona aibu. Watatu hao walipata habari za testi kwa kuambiwa na jirani tu, bahati yao. CR hakusema kitu, ila jana nimeona karatasi ubaoni, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, kipindi cha Ijumaa kimehamia saa nane.

Mwaka kesho kutwa tutakuwa tumetawanyika mashuleni, wengine shule zisizo na umeme. Naomba tukumbuke hivi: kabla hujasema darasa zima limeliona, hesabu kwanza darasa.

Alama 15 mwalimu amesema ataangalia, hajaahidi. Kitochi sijakiuza, kiko chini ya mto. Haya, niko mitandaoni sasa, ila msinitumie maua asubuhi, bando ni la kuungaunga.

Tuko pamoja.